Niite Dada

Jumatatu, 1 Oktoba 1894. Scranton.
Mwalimu Kessler amekuja hadi mlango wa nyuma wa ukumbi wa maonyesho! Nafasi yangu ya shule ipo, na shangazi Nora ana kitanda cha kunilaza hapa Scranton. Lakini nisipofika Jumatatu ijayo, nafasi hiyo atapewa mwingine. Nilimshukuru vizuri, kama alivyonifundisha mwenyewe.
Mama akasema mkataba haujaisha. "Nitacheza na nani, na kiti?"
Matangazo ya onyesho letu yanasema Dada Wawili Fontaine. Sisi ni akina Tierney, na Mama si dada yangu.

Jumatano, 3 Oktoba. Kwenye treni.
Leo nina miaka kumi na mmoja, ili tulipe nusu nauli. Kesho, New York, nitakuwa na kumi na sita, maana huko sheria inakataza aliye chini ya hapo kucheza jukwaani. Miaka yangu ya kweli, kumi na minne, naitumia humu daftarini tu.
Bwana Pfaff, yule mrusha sahani, alimchokoza Mama: "Dada mkubwa, magoti yako yanapiga kelele kuliko hii treni!"
"Afadhali magoti yangu. Sahani zako husikika zikivunjika tu."
Behewa zima lilicheka. Kisha Mama akaninong'oneza: ukiniita Mama mbele za watu, tumekwisha. Kwani sijui?
Nimekariri mito mikubwa ya Ulaya. Mto tuliovuka leo sikuuona — pazia la dirisha lilishushwa ili Mama alale.

Ijumaa, 5 Oktoba. New York.
Tunacheza tangu mchana, tunarudia na kurudia. Viatu vya mbao vya kuchezea dansi havina huruma. Malengelenge yamepasuka.
Nimeomba theluji ifunge ukumbi. Mwezi wa kumi! Nimejiona mjinga.

Jumamosi, 6 Oktoba.
Lo! Sijui nianzie wapi.
Mtu wa chama cha kulinda watoto alikuwa amesimama pembeni mwa jukwaa, kofia mkononi. Meneja alituonya: tabasamuni. Nilitabasamu — nikakanyaga upindo wa sketi ya Mama, nikaanguka. Kifundo cha mguu kikalia ko!
Mama akapiga magoti, akapaza sauti, "Mwanangu! Mwanangu, umeumia?"
Bendi ilinyamaza.
Sasa tupo chumba cha kuvalia, mguu wangu ndani ya beseni la maji baridi. Yule mtu yuko nje, anazungumza na meneja. Naandika ili nisimtazame Mama usoni. Nikisema kumi na minne, naenda Scranton. Lakini Mama hatapata kazi tena ukumbi wowote wa mzunguko wetu wa maonyesho.
"Utamwambia una kumi na sita," Mama amesema. "Na utaniita Dada. Nitasema nilibabaika."
Nimeuzamisha mguu zaidi majini.
"Shule inaanza lini?" ameuliza ghafla.
"Jumatatu."
"Jumatatu hii?"
Kana kwamba hakuwa amesimama pale Mwalimu aliposema!
Yule mtu anagonga mlango. "Binti, naomba kujua umri wako. Na mama yako yuko wapi?"
Mama ameweka kidole mdomoni. Kwa mkono wa pili amechukua kitambaa, anakichovya kwenye beseni langu. Anafuta poda usoni, ile inayomfanya aonekane dada yangu. Shavu moja limeshaonekana — lina mikunjo midogo ambayo sijaiona tangu tuanze safari.
Anagonga tena.