Mkanda wa Helmeti Kidevuni mwa Mama Nassir

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo likaniharibikia, na mwandiko unisamehe, shule sikukaa, lakini pikipiki muulize yeyote Msambweni atakwambia nani aliyeanza kuiendesha barabara hii wakati hawa vijana wa steji wangali wanabebwa mbeleko, mimi nimepita matope ya Ramisi na mama mjamzito nyuma yangu na bakuli la uji mkononi na uji haukumwagika.

Mke wangu, mama Nassir, anauza mboga sokoni Ukunda, mchicha na mtsunga, na kila asubuhi nampeleka mimi, na njia nzima tulikuwa twazungumza, yeye nyuma mimi mbele, habari za watoto, za harusi ya fulani, twafika hata hatujui Gazi tumeipita saa ngapi. Basi Nassir akanishikilia, baba nunua helmeti, baba nunua helmeti, nikaenda nikanunua nyeusi, ile iliyofunika kichwa chote na kidevu kama ya watu wa mashindano, nikachukua kubwa kupita zote dukani kwa sababu kofia yangu ya kiua siivui mbele ya watu, helmeti naivaa juu yake. Yapwaya kidogo, sikatai, lakini mimi si mtu wa kusumbuliwa na kupwaya. Mama Nassir yeye ana mtandio wake, hajaanguka nami hata siku moja.

Sasa kuna huyu Tsuma wa Gazi, mtu wa rika langu, alifiwa na mkewe, pikipiki amejifunza juzi tu. Yeye akaja na helmeti ya kufunuka, abonyeza kidole gumba hapa kidevuni na uso wote unainuka juu kama mlango wa duka. Afika kahawani, abonyeza, atoa salamu, anywa kahawa na miwani yake machoni, mimi miwani siihitaji, aaga, afunga, aenda zake. Mimi nikitaka kunywa lazima niing'oe nzima, na siku ile ilipong'oka ikaondoka na kofia yangu ndani, upara wote nje, na kijana mmoja akasema, "Mzee, mbona kumekucha mapema leo?" Watu wakacheka. Nikawaambia helmeti ya kufunuka ni ya mtu asiyeweza kufunga mdomo, mwanamume akivaa amevaa. Nilisema hivyo mbele ya wote.

Halafu mama Nassir akaniambia asubuhi moja, "Leo wewe pumzika, nitakwenda na Tsuma." Nikamwuliza kisa nini. Akasema, "Yeye nikimwambia punguza, anapunguza." Mimi nikavaa nikamfuata kwa nyuma mpaka steji, na pale, mshauri, nikaona kwa macho yangu, Tsuma ametoa helmeti ya pili, ya buluu, akamvika mke wangu juu ya mtandio, kisha akamfunga mkanda chini ya kidevu, mkono wa mwanamume kidevuni mwa mke wangu, mchana, mbele ya wauza samaki, naye mama Nassir ameinua uso ametulia kama mtoto anayevishwa nguo za Idi. Wakaondoka, na nikamsikia akicheka. Mimi hajazungumza wala kucheka nami njiani tangu ile nyeusi iingie nyumbani.

Sili vizuri. Nimesema Ijumaa nitawaita wajomba zake aje aeleze mbele yao. Na dukani nimeona helmeti ya kufunuka nzuri kuliko ya Tsuma, ina kioo cha jua ndani. Niambie nichague ipi ili mama Nassir arudi nyuma yangu, na watu wasiseme nimemwiga yule.

Ni mimi Mzee Ramadhani, Msambweni.

*

Shikamoo, Mzee Ramadhani. Wivu unauma na sikucheki. Hata kwenye ule mkono nipo upande wako: Tsuma angemwonyesha mama Nassir namna ya kufunga, akajifunga mwenyewe. Lakini wewe umeuona mkono, mkanda hukuuona. Miaka yote umembeba mkeo kwenye lami ile na mtandio mtupu kichwani, kisha akatokea mtu mwingine akakumbuka kwamba naye ana kichwa. Hapo ndipo palipokuuma, mzee wangu, nawe wajua.

Na hakuacha kuzungumza nawe. Wewe ndiye uliyeacha kumsikia. Alipokuwa akikwambia punguza, ulikuwa umejifungia ndani ya lile sanduku jeusi lenye kofia ndani yake, ukidhani amenuna. Mtu asiyesikiwa hutafuta masikio mengine. Hilo si kosa la kuitiwa wajomba. Ukiwaita, atawaeleza hayo hayo, na wewe utakuwa umekaa pale pale.

Sasa helmeti. Ile nyeusi si mbaya kwa kuwa haifunuki. Ni mbaya kwa kuwa inapwaya, ukianguka itatangulia yenyewe. Nenda dukani, vua kofia ya kiua, itie mfukoni, mwenye duka ameona vipara vingi. Chagua inayobana mashavu bila kuuma paji la uso, tikisa kichwa, ikizunguka peke yake iache. Kaa nayo humo dukani muda wa kunywa kahawa, maana za kufunuka zina uzito na shingo yako si ya ujana. Ifungue na kuifunga kwa mkono mmoja, usikie imeshika. Ijaribu na miwani, ile unayosema huihitaji. Kioo cha jua ni kizuri kwa mchana wa Kwale, lakini kisiwe ndicho cha kukufanya ununue. Na uifunue ukisimama tu, kwa salamu na kahawa, ukiondoka kidevu kifungwe. Mwendo wako nao uwe ule ambao mtu wa nyuma akikugusa bega unaweza kupunguza na kusimama pembeni ukamsikiliza.

Watu watasema umemwiga Tsuma. Waache waseme. Umwige mpaka mwisho basi, ununue mbili. Usimchagulie mama Nassir, nenda naye, ajaribu ya kwake, achague rangi aitakayo hata ikiwa buluu.

Asubuhi ya kwanza, simameni uani kabla ya pikipiki kuwaka. Mfunge mkanda, naye akufunge wako. Mwulize kama unambana. Na wakati unamwuliza, mzee wangu, helmeti yako iwe bado wazi.