Mawaridi ya Kumzidi Jirani

Wewe Neema, una kichwa cha kuku. Mvua za huko Dodoma zimebakiza miezi miwili tu ziishe, nawe unanunua miche ya mawaridi, eti jirani yako ana maua na wakwe zako wanakuja kukutembelea. Sisi hapa kijijini Titye tu wazima. Babu yako anakohoa, ila ugali anamaliza.

Unaniuliza upande nini. Panda zinia na alizeti, mjukuu wangu, hayo huchanua kabla ardhi haijakauka. Mimi nilijua hayo nimechelewa. Wifi yangu alipokaribia kuolewa, mvua zikiwa ukingoni, Daforoza wa ng'ambo ya mto alipanda zinia. Mimi nikapanda mawaridi ili nimzidi, maana nilitaka maua yangu ndiyo yakae altareni. Akapita, akayatazama.

"Mwenzangu, haya yatachanua bibi harusi akibatiza mtoto wa tatu."

Kisha akanipa mbegu zake ndani ya karatasi. Nikawamwagia kuku, naye anaona.

Siku ya harusi altare nzima ilijaa zinia zake, nyekundu na za njano. Sikuimba hata wimbo mmoja. Mpaka leo watu wakimsifu natazama pembeni. Lakini ningezipanda mbegu zile, nusu ya altare ingekuwa yangu.

Kesho asubuhi nenda kwa huyo jirani, piga hodi, umwombe mbegu. Akikucheka, cheka naye, kisha uzipande siku hiyo hiyo.