Kitambaa cha Mama Mkwe Kimetuunguzia Sauti ya Marehemu

Mpendwa Mama Nyundo,

Naomba msaada wako, na tafadhali soma ukiwa umekaa, kwa sababu mimi mwenyewe tangu jambo hili litokee nikikaa nasimama tena. Mimi ni mjane, nashona sare za shule nyumbani, naishi na mama mkwe wangu na binti yangu ambaye alikuwa bado ananyonya wakati baba yake alipofariki, kwa hiyo baba hamjui ila kwa sauti tu. Marehemu alikuwa mwalimu, na maradhi yalipomzidi akawa anakaa mbele ya kompyuta yake, ile ya mezani yenye boksi kubwa, anajirekodi akimsimulia mtoto hadithi, akimwimbia, akimkanya asije akawa mkaidi kama mama yake, halafu anacheka mwenyewe mpaka kikohozi kinamkamata. Basi kila Jumapili tukishakula mama mkwe anavuta viti anasema, "Haya, njooni tumsikilize mwenye nyumba," tunasikiliza, na mtoto anamjibu baba yake kabisa, "Ndiyo baba," kana kwamba yuko jikoni.

Sasa Mama Nyundo, mama mkwe ni mtu wa kufuma. Nyumba nzima imevaa. Redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, viti vina vitambaa, hata cherehani yangu nikigeuka kidogo tu nakuta imeshavikwa. Na kompyuta ya mwanawe, jamani, ile aliifumia vazi zito la sufu ya buluu lenye marinda mpaka chini, linafunika boksi lote mbele na nyuma, mpaka yale matundu ya feni, na halivuliwi hata tukiwasha, anasema, "Vumbi lisimwingie mwanangu." Sisi tukaona ni mapenzi. Ikiunguruma tunasema imezeeka, ikipata joto tunasema si unaona jua la leo.

Jumapili iliyopita akaja mdogo wangu wa kiume, ambaye ni kinyozi na ndiye anayempeleka mtoto shule, akachomeka mashine yake ya kunyolea ukutani pembeni ya kompyuta ipate chaji, tukakaa, mama akasema bonyeza, nikabonyeza, marehemu akaanza, "Mwanangu, leo nataka nikuambie..." PAA! Mama Nyundo, mlio kama tairi limepasuka pale mezani, cheche nyuma, moshi, harufu ya plastiki inayoungua, mtoto anapiga yowe "Baba! Baba!", nikaruka nikachomoa waya, kisha sijui nilitumwa na nani nikachomeka tena nijaribu, ikalia tsss, nikajaribu tena, kimya. Kimya kabisa. Mama mkwe akasimama palepale akamnyooshea kidole mdogo wangu: "Wewe na mashine yako ya vinyweleo! Umemuua mwanangu mara ya pili!" Mdogo wangu akaokota mashine yake akatoka bila hata kuvaa viatu, na tangu hapo mama hataki kumsikia, amesema akikanyaga tena pale yeye anafungasha virago vyake.

Kesho yake nikabeba boksi kwa fundi kompyuta. Alipolifungua akacheka, halafu akaniona uso akaacha. Akanionyesha kidude cha chuma humo ndani, wanakiita pawasaplai, ndicho kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza uifae mashine. Feni yake ilikuwa haizunguki hata ukiisukuma kwa kidole, imekabwa na uzi wa buluu uliojiviringisha katikati, na matundu yote yamejaa manyoya ya sufu. Akaniuliza, "Dada, hii mlikuwa mmeivalisha koti?" Akasema kilikuwa kinajipika humo muda mrefu, na pawasaplai ikifa vibaya haikubali kufa peke yake, inaachia umeme usio na kipimo, ndiyo maana ubao mkuu umeungua na diski yenye zile sauti haiwaki. Nikamuuliza, na mashine ya kunyolea? Akasema, "Ile? Inakula umeme kidogo kuliko taa. Huyo kinyozi mnamwonea bure."

Nikaufunga ule uzi kwenye leso nikarudi nyumbani, na hapo ndipo niliposhtuka kuliko hata ule mlio, kwa sababu nilimkuta mama mkwe kwenye kizingiti na sindano yake na sufu ileile ya buluu. "Mama, unafuma nini tena?" Akasema, "Kitambaa cha kompyuta mpya tutakayonunua, mwanangu. Safari hii nafuma maradufu, mikono ya watu isifike." Sasa nimwambie vipi kwamba aliyemnyamazisha mwanawe ni yeye, kwa mikono yake, kwa mapenzi yake? Ana presha, je, akianguka? Na nikinyamaza, mdogo wangu abebe mzigo usio wake mpaka lini? Mtoto naye kila jioni anaiendea ile meza tupu, ananiuliza, "Mama, baba amekasirika?" Nimeduwaa, sijui nishike lipi niache lipi.

Ni mimi, mwenye uzi mkononi.

MAMA NYUNDO ANAJIBU

Mwenye uzi mkononi,

Nimekaa kama ulivyoniagiza, na bado nimejishika kichwa. Pole mwanangu. Huyo mtoto na swali lake amenitoa machozi, na mimi si mtu wa machozi. Pole sana. Haya, pole zimeisha, sasa nikuseme.

Hivi wewe, mtu mzima, fundi cherehani, kitu kimepasuka, kimetoa moshi mbele ya macho yako, halafu unachomeka tena? Na tena? Pasi ikiunguza sare ya mtu unairudisha palepale uone kama kitambaa kitapona? Ala! Na sauti ya baba wa mtoto, kitu ambacho hakiuzwi duka lolote, miaka yote mmekiweka kwenye boksi moja, hakuna nakala hata kwenye simu yako. Hilo usimtwishe mama mkwe. Na lile koti la sufu ulikuwa unaliona, mashine ulikuwa unaisikia ikilalamika, ukanyamaza eti ni heshima. Heshima gani hiyo ya kumwacha mzee akosee mbele yako?

Nimemuuliza fundi ninayemwamini. Anasema diski isiyowaka si lazima iwe imefutika. Mara nyingi umeme huunguza kibao kidogo kilichobandikwa kwenye diski, na yaliyorekodiwa ndani yakabaki. Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara, usije ukampa mtoto ahadi. Usiichomeke popote tena, na asiifungue kila mwenye bisibisi mtaani. Mtafute mtu ambaye kazi yake ni kuokoa vitu kwenye diski zilizoungua, hata kama ni mbali. Wakati unamtafuta, waulize walimu wenzake na ndugu zake nani ana ujumbe wa sauti wa marehemu kwenye simu. Watu hawafuti sauti za wapendwa wao, utashangaa.

Mama mkwe utamwambia, na usivute siku. Msubiri ale, anywe dawa zake, umkalie karibu na ushinde naye siku nzima. Neno "umeua" lisitoke mdomoni mwako. Mwambie mashine inapumua kwa feni kama mtu anavyopumua kwa pua, na sote tuliiziba pua hatujui. Sema sote, maana ndiyo kweli. Halafu fungua leso umwekee ule uzi mkononi. Atalia. Mwache alie. Mama aliyemzika mwanawe na bado anaamka kufuma hataangushwa na uzi. Atakachoshindwa kukusamehe ni kuusikia ukweli huu siku moja kwa fundi au kwa jirani, akajua ulikuwa nao kwenye leso ukamwacha amchukie mtu asiye na hatia.

Mdogo wako asiitwe na wewe, aitwe na mama mkwe mwenyewe. Hotuba hazihitajiki, viatu vyake si bado viko hapo? Mama avishike amkabidhi, amwambie kaa ule. Kinyozi ataelewa.

Hilo vazi jipya usimnyang'anye. Mwombe aligeuze mfuko wa kubebea diski njiani isigongwegongwe, maana hapo sufu inafaa kweli. Na kompyuta mpya itavikwa ikiwa imezimwa tu. Mwambie bila kuzungukazunguka.

Kisha Jumapili hii vuteni viti kama kawaida. Mtoto akiuliza, mwambie baba hajakasirika, ni mashine imeungua. Mwombe bibi yake amsimulie baba alivyokuwa mtoto, alivyokuwa mtundu, alichokuwa anapenda kula, na wewe uweke simu mezani, urekodi, na kabla hujalala umtumie mdogo wako nakala. Miaka yote mmekaa hapo mkimsikiliza aliyeondoka, na bibi wa watu kakaa kiti cha pembeni na sindano yake, mzima, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumrekodi.