Dada Juu ya Ngazi ya Zimamoto

Shoga, uko? Leo nilimsindikiza dada kwenye usaili wa zimamoto.

Mbio alimaliza, mpira wa maji akauburuta vizuri tu. Kufika kwenye ile ngazi ndefu, usawa wa ghorofa ya tatu, akaganda. Akaganda, nakwambia, uwanja mzima unamtazama.

Mkuu wa kituo akamwambia, "Binti, shuka taratibu, hakuna aibu."

Akajibu, "Kushuka siwezi, afande. Kupanda naweza."

Kupanda naweza, eti. Akapanda mpaka juu huku analia.

Wamemwita Jumatatu kwa usaili wa mdomo.

Ila mama anaamini dada aliomba kazi ya ukarani. Sasa hivi anamuuliza ni karani gani anachubuka magoti yote mawili, na dada ananitazama mimi.