Amina Iliyochelewa

Basi nikawa nimesimama mbele ya watoto wote, maneno ya sala yameniishia, ila naogopa kusema amina.

Marahaba, mjukuu wangu Tumaini. Mama yako hajambo, na huku Kibamba mvua imeanza. Najua unacheka kuniita babu wakati hata ndevu sina, ila ukoo ndo umetaka hivyo. Umeniuliza kwa nini nasali macho wazi.

Hapa kwenye kashule ketu ka kanisa, ikisemwa amina geti linafungwa. Aliyebaki nje anarudi kwao bila uji. Asubuhi ile Mwalimu Eliza, mkuu wetu, alinipa sala mie msaidizi wake, ambaye hata kusalimia watu naonaga aibu. Nikachungulia, nikamuona mwanafunzi wetu Rehema kule chini anapanda kilima, katoka kuteka maji, viatu kashika mkononi.

Nikaendelea. Nikawaombea walimu, bodaboda, mpaka kuku wa jirani.

"Anko, na mbuzi je?" mtoto mmoja akanong'ona.

Nikawaombea na mbuzi. Ukungu ulikuwa umefunika kilima, Rehema anatokea, anapotea, anatokea tena, kama namuota.

Alipoingia tu getini, "Amina."

Mwalimu Eliza akanitazama. "Leo umeombea dunia nzima." Akageuka, akamuona Rehema anahema. Akampa kikombe cha uji. Tangu siku hiyo, sala ya asubuhi ni yangu.

Haya, mjukuu wangu, acha niende. Watoto wameshapanga mstari, na kuna mmoja namuona bado yuko kule darajani.