Uji wa Samaki wa Katwe

Bwera, Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyomtuma mtu akuletee Kasese uliipata? Huku tuko wazima, ila mimi usingizi umenikimbia, na nitakueleza kwa nini.

Ni huu unga wetu wa uji: ulezi, soya na samaki mkavu wa Katwe, kama ulivyotupikia utotoni. Xavier mwenye duka anasema watu wananunua mara moja, hawarudi. Mwezi ukiisha hivyo atanirudishia mifuko yote, na kinamama wanaosaga nami watakaa bure.

Unajua kila wiki nawatembelea wateja. Nilikuwa nauliza kama uji ni mtamu, nao wanajibu mtamu sana, karibu tena. Nani atamwambia mgeni chakula chake kibaya? Basi nikageuza swali, nikawa nauliza tu jana watoto wamekunywa nini. Ee Mama! Alliance, yule mkimbizi wa kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, alicheka akakiri kwamba mutoto wake anaziba pua, uji unaenda kwa nguruwe. Mteja mwingine, Ronah, naye akasema harufu ya samaki inawashinda. Nikazidi kuogopa, maana huyo samaki ni wako, na nilikuapia sitamtoa.

Jana kaka Ephraïm alifika kutoka huko kwako. Kwa mazoea tu nikamuuliza Mama anakunywa nini asubuhi. Unamjua, hajui kuficha. Akasema unanunua unga wa ulezi mtupu kwa jirani, na mfuko wetu unakaa kabatini, unatolewa wageni wakija. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Na siku zote unanisifia kwenye simu!

Sasa usikie kwangu kabla ya kusikia kwa wengine: leo asubuhi tumesaga bila samaki, soya tumeiongeza. Mfuko wa kwanza anakuletea Ephraïm pamoja na barua hii. Tafadhali usinisifie. Jumapili baada ya misa nitakuja nikae jikoni kwako, nikuone unakunywa. Ukikushinda, Mama, uuache kikombeni mbele ya macho yangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi umwambie namkumbuka. Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao, mwenye hofu na mapenzi,
Patience