Wifi Yangu Amenihamishia Sauti ya Wanaume

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini usinianzie na habari ya kutulia kwanza, maana mume wangu ameniambia nitulie, mdogo wangu ameniambia nitulie, hata mlinzi wa getini kazini ameniambia mama tulia, na mimi sijatulia wala sina mpango huo.

Nina miaka arobaini na saba, nafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka ya wodi zote yanapita mikononi mwangu, na kwa miaka kumi na minane nimeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya wafanyakazi, tena mstari wa mbele, tena mimi ndiye mwanzishaji, yaani kwaya yetu haina kinanda, kwa hiyo nikitoa mstari wa kwanza wote wanashika pale pale nilipoanzia, nikianza juu wananifuata juu, nikianza chini wananifuata chini. Mwaka huu mwalimu wetu akahamishwa, na uongozi ukampa kwaya nani? Ukampa wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, nesi wa wodi ya watoto, binti ambaye mimi ndiye niliyemfundisha nani ni nani kwenye ukoo wetu.

Sasa siku moja akaja kufulia kufuata mashuka ya wodi yake, mashine zote zinanguruma, mimi nakunja na kuimba zangu, na pale huwa naimba chini, sauti nzito kabisa, kutwa nzima, kwa sababu mashine zinanguruma na ukiimba juu unajichosha bure, nikageuka nikamkuta amesimama macho yamemtoka. Akasema, "Wifi, kumbe sauti yako ndiyo hii?" Nikamwambia hiyo ni ya kazini. Akasema, "Hapana wifi, hiyo inatoka yenyewe. Ile ya kwenye kwaya unaisukuma." Nikadhani yameishia hapo, lakini Alhamisi kwenye mazoezi, mbele ya watu thelathini, akaniambia, "Wifi, leo jaribu kukaa na sauti ya tatu." Mshauri, sauti ya tatu kwetu ni madereva wawili, fundi umeme na yule bwana wa mochwari. Sikuhama.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu mwalimu wa shule alinisimamisha na wavulana kwa sababu ya sauti yangu hii, na kuanzia siku hiyo wasichana wenzangu wakawa wakinikuta kwenye korido wanainama na kusema "Shikamoo babu", mpaka kwenye foleni ya choo, mwaka mzima na nusu, na mwalimu anasikia na kucheka, nikala kiapo kwamba sauti hiyo haitasikika tena, nikajifunza kuongea kisauti chembamba, na nimeolewa miaka ishirini na miwili mume wangu anakijua hicho tu. Halafu huyu mtoto wa juzi anirudishe kule?

Basi ikafika siku ya kumuaga mkunga mkuu anayestaafu, na wimbo aliuchagua yeye mwenyewe, aliomba huo mmoja tu. Wifi akaniachia nianzishe. Nikasema moyoni, leo nitamwonyesha nani ana sauti ya wanaume. Nikaanza juu, juu kuliko siku zote, wanaume wakaacha mmoja mmoja, wenzangu wa sauti ya kwanza wakabaki wanalia kama mlango usiotiwa mafuta, ubeti wa pili nikawa peke yangu, na nilipofika kwenye kiitikio sauti ikakata, nikafungua mdomo hakikutoka kitu. Mtu akacheka. Mkunga mkuu akapiga makofi peke yake, kisha akainamia viatu vyake.

Nilipotoka nilimkuta wifi kwenye korido nikamtolea uvivu, nikamwambia ametuaibisha kwa kutupanga ovyo, nikamwambia kwenye ukoo huu mimi ndiye niliyemfungulia mlango na naweza kuufunga, akalia mbele ya wazazi wa wagonjwa wake. Kesho yake mdogo wangu akaja kuniomba nimwombe mkewe radhi. Nikamwambia achague, mimi au yeye. Akachukua funguo zake akaondoka, ni wiki ya tano sasa hajapiga hata simu.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, nimalizie. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa daktari wa koo, kwa sababu siku hizi kila Ijumaa asubuhi naamka sina sauti kabisa. Akasema nina vinundu kwenye nyuzi za sauti, vimetokana na kulazimisha, ninyamaze wiki tatu bila neno hata la kunong'ona, na baada ya hapo nisirudi juu tena, la sivyo naweza kubaki na mkwaruzo maisha yangu yote. Karatasi yake iko kwenye mkoba wangu chini ya kitana. Sijamwonyesha mtu, na Alhamisi iliyopita niliimba.

Ninachotaka kujua ni hiki: nimshtaki wifi kwa uongozi, au nihame na wenzangu sita walioniahidi tuanzishe kwaya yetu? Nijibu haraka, mazoezi ni Alhamisi.

Ni mimi,
Sauti ya Kwanza na Sihami

*

Mama Sihami,

Sikuambii utulie. Mimi mwenyewe sijatulia. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeitupa mezani.

Umshtaki wifi yako kwa kosa gani, la kuwa na masikio? Amekaa na kwaya miezi michache akasikia kitu ambacho wewe umekificha zaidi ya miaka thelathini, na alikuambia kwanza faraghani, kwa heshima, huku akikuita wifi. Alikosea kukuhamisha mbele ya watu kabla hamjaelewana. Kwa hilo nitamlaumu. Lakini kwa kosa dogo hilo umemliza mbele ya wagonjwa wake na umemtaka mdogo wako achague kati ya dada na mke. Mtu mzima na akili zake hamwekei ndugu yake mtihani huo.

Kuhusu wale wasichana wa shule, nakuonea huruma na nina hasira nao, na mwalimu aliyecheka nina hasira naye zaidi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha. Walikufanyia ubaya. Lakini hebu fikiri, leo hao nao wana miaka arobaini na saba, magoti yanawauma, hawakumbuki hata ulikaa dawati gani, na wewe bado unaamka kila asubuhi kuwatii. Unawatii ukiongea na mumeo na ukipokea simu. Na mwezi uliopita uliwatii mbele ya mkunga mkuu, mama aliyefanya kazi maisha yake yote akaomba wimbo mmoja tu, ukaona hiyo ndiyo siku nzuri ya kumkomoa wifi. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, na wewe umeliandika kana kwamba aliyeumia ni wewe.

Kuna jambo umeliandika bila kulisikia. Kule kufulia unaimba kutwa nzima, mashine zinanguruma, na hulalamiki koo hata mara moja. Alhamisi unaimba saa chache tu, Ijumaa huna sauti. Ulihitaji daktari wa kukueleza hapo? Koo lako limekuwa likikuambia wiki baada ya wiki, nawe unalipigia kelele.

Na acha kuniambia ni sauti ya wanaume. Madereva na fundi umeme wamesimama pale kwa sababu ndipo sauti zao zinapofika, hakuna aliyewapima suruali. Ukisimama pale na wewe ni mwanamke anayeimba sauti ya tatu, basi. Watakaocheka watacheka siku mbili, kisha watachoka, kwa sababu wana mambo yao. Mumeo naye atashtuka siku ya kwanza, ya pili atakuuliza umeweka wapi soksi zake.

Wale wenzako sita usihame nao. Wamekuahidi kwaya mpya, lakini hujaniambia kama kuna hata mmoja aliyekuuliza kwa nini kila Ijumaa huna sauti.

Sasa fanya hivi, na usinijibu, kwa sababu huruhusiwi kuongea. Toa hiyo karatasi ya daktari leo. Mwonyeshe mumeo, mwonyeshe msimamizi wa zamu yako, kisha ipeleke mwenyewe wodi ya watoto umpe wifi yako mkononi. Usijieleze. Yeye ni nesi, ataelewa kabla hajafika mwisho wa ukurasa, na atajua pia kwa nini umekwenda kwake. Nafasi ya kuanzisha iache, watafute mwingine. Alhamisi ukitaka nenda ukakae usikilize tu, na kule kufulia pia kunja mashuka mdomo umefunga. Mkunga mkuu mwandikie barua ya kumwomba radhi. Kuandika unajua, mimi ni shahidi.

Wiki tatu zikiisha, nenda nyumbani kwa mdogo wako. Hutakuwa umetamka neno siku ishirini na moja, na daktari wako amesema usipande tena. Basi neno lako la kwanza lisiwe la mumeo wala la kwaya. Msubiri wifi yako akae, useme "Wifi, nisamehe," na uliache litoke chini kama lilivyo, hata kama mtu atageuka kuangalia ni nani aliyeongea.

Mshauri wako